Maji ya Bibi Shawana

Ibra, siku za mwisho za Rajabu

Dada yangu Raya,

Nakushika miguu kutoka huku mbali, kwa mikono yote miwili. Mama hajambo? Magoti yake vipi na mvua hizi? Nambie kweli, usinifiche kama ulivyonificha alipoanguka uani. Na wewe presha yako, dawa unakunywa au unagawa kwa majirani? Huku sote wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Salum bado anaendesha lile gari la maji, anarudi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mwanangu Asila yuko Nizwa anasomea ualimu, na katika haya nitakayokueleza yeye ndiye anayeninyima usingizi.

Kabla hujaendelea, Dada, barua hii isome peke yako. Kama Mama yuko karibu ikunje uitie kifuani, usubiri ashike mswala. Simu sikutaka kupiga kwa sababu hiyo hiyo. Ikilia tu Mama ndiye anayeikimbilia, magoti au si magoti, na akinisikia sauti atajua kuna jambo. Mimi naogopa. Naogopa muda mrefu sasa, na sina wa kumwambia, maana wote ninaoweza kuwaambia huku wamo ndani ya jambo lenyewe.

Lilianza sokoni. Nilikwambia kwamba hapa Ibra Jumatano kuna soko la wanawake watupu, mwanamume hatii mguu, nami nina meza yangu ya udi, leso, na zile kofia ninazoshona. Basi akaja mwanamke mmoja tunayemwita Mama Zahran, mteja wangu wa siku nyingi, kununua ubani. Nikamwambia kaa unywe kahawa. Akasema, "La, Zeyana, leo siwezi. Leo zamu ya Shawana, maji yatapita shambani kwangu na mume wangu yuko Maskati."

Huku, Dada, maji ya mashamba hayatoki bombani. Yanatoka chini ya mlima kwa mfereji mrefu wanaouita falaj, yanapita mji mzima, na kila mwenye haki ana zamu yake ya kuyafungulia mitende yake. Zamu hiyo ni mali, inarithiwa kama nyumba. Mtu anaweza kuwa na ardhi asiwe na maji, akakodi maji ya mwenziwe. Na zamu nyingine bado zinaitwa kwa jina la mtu wa zamani aliyekuwa nazo, hata kama wajukuu zake wameshazeeka.

Nikamuuliza, "Shawana gani huyo?"

"Shawana binti Sheikh Seif. Shangazi yake Mzee Khalfan. Sisi tunakodi tu, maji ni ya Mzee."

Kopo la ubani liliniponyoka. Miaka yote niliyokaa Ibra nimekuwa nikimuulizia kinyemela huyo Sheikh Seif, baba yake Bibi, na kila mtu ana Sheikh Seif wake. Nilishakata tamaa. Kumbe Bibi yetu, mama yake Mama, yule tuliyekuwa tukimcheka akituhadithia mlango wa nyumba ya baba yake uliokuwa ukifungwa na watumishi wawili, jina lake linatamkwa hapa kila maji yakipita, na mimi nauza ubani pembeni. Nililia pale pale sokoni, Mama Zahran akadhani nalilia ubani.

Unanijua, mimi nikianza jambo siliachi. Nikaanza kuuliza kila mtu mzima niliyemjua, na nikapata haya. Sheikh Seif alikuwa mkubwa wa mtaa wake, mtu wa bunduki na wa neno. Alimzaa Humud, akamzaa Shawana, na mwengine mmoja au wawili waliokufa wadogo. Alipofariki shamba lake kubwa la mitende liligawiwa kwa sharia, Humud fungu mbili na Shawana fungu moja, pamoja na ile zamu ya maji. Shawana alirithi pia shamba dogo Izki, kwa upande wa mama yake. Salum alinipeleka Izki siku aliyopata nafasi. Lile shamba la Izki sasa ni maduka, fundi cherehani na muuza matairi, na bibi mmoja aliyekuwa akichambua tende kizingitini alinambia alisikia zamani kuna binti wa kwao aliolewa na sheikh wa Ibra, lakini hata mama yake yeye alikuwa akilisikia tu. Nikarudi na tende za bure na jina la mama yake Bibi, Zuhura. Nililikariri njia nzima Salum akawa ananicheka.

La Ibra ndilo lililobaki. Bibi alipopelekwa Unguja bibi harusi, fungu lake lilibaki mkononi mwa kaka yake Humud, amlindie. Humud akafa, akalishika mwanawe, ndiye huyu Mzee Khalfan. Kwa hiyo Mzee Khalfan na Mama ni watoto wa ndugu wawili, na kwetu sisi ni mjomba.

Nikafanya kama tulivyofunzwa. Nilichukua halua na leso mpya, nikaenda kwake na Salum kwa heshima zote. Ni mzee sana, anaongozwa mkono na binti yake Ruqayya, mwanamke mkimya wa umri wangu. Tukakirimiwa kahawa na tende. Nikamweleza kwa Kiarabu changu hiki cha kuokoteza, mimi nani, Mama nani, Bibi nani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Kisha akasema polepole, "Shangazi yangu Shawana hakuolewa, wala hakusafiri. Alikufa kwa ndui, mwari, nyumbani kwa baba yake." Akamgeukia bintiye. "Mpeleke akalione kaburi."

Dada, mimi nikapelekwa kuonyeshwa kaburi la Bibi yetu.

Ilikuwa baada ya alasiri. Makaburi yao yako nje ya mji, kwenye kokoto tupu, hakuna mti wala ukuta. Mimi kwa ujinga wangu nikawa natafuta maandishi. Napinda, nachungulia, nafuta vumbi kwa ncha ya buibui. Ruqayya akanambia hapa hawaandiki jina. Mwanamume anawekewa mawe mawili, kichwani na miguuni, mwanamke anawekewa matatu, na basi. Akanyoosha kidole. "Lile pale." Mawe matatu, kama mengine yote. Nikasimama pale, maana wewe na mimi tulimwosha Bibi, wewe ukimshika kichwa, mimi nikimimina maji ya mkunazi na karafuu maiti, na tukamwona anatolewa mlango wa mbele kwenda kuzikwa hapo hapo Unguja. Sasa huyu hapa chini nani? Na kama huyu ndiye Shawana, yule tuliyemwosha nani?

Elewa hesabu yake ilivyo. Kama Shawana alikufa hapa mwari, mali yake yote ilirudi kwa kaka yake, na Mzee Khalfan ana haki ya kila tende anayokula. Kama alivuka akamzaa Mama, nusu ya lile fungu na yale maji kwa sharia ni ya Mama, mtoto wa pekee wa kike, hai, na yeye yuko hapo kwako anachambua mchele. Jambo zima limesimama juu ya kaburi moja lisilo na jina.

Lakini si mali iliyonitia hofu. Niliporudi sokoni Jumatano iliyofuata maneno yalikuwa yameshanitangulia. Huku wakisema huyu anadai ni mjukuu wa binti wa sheikh, na binti wa sheikh kaburi lake hili hapa, sentensi ya pili huwa hawaisemi, wanakuachia uimalizie mwenyewe. Kwamba aliyekwenda Unguja ni kijakazi aliyevaa jina la bibi aliyemtumikia. Mimi, Dada, Bibi aliyenilea angekuwa yule yule hata angekuwa nani, na sikuona kapungua nini. Nilimwambia Salum hivyo, na nilikuwa nasema kweli. Ila Asila ameposwa. Kijana ni wa Nizwa, mwalimu mwenzake, mpole, watu wake ni watu wa majina, na watu wa Nizwa kabla hawajatoa neno la mwisho wanauliza. Upande wa baba walishauliza wakaridhika. Ulibaki upande wa mama, yaani mimi, na nyuma yangu Mama, na nyuma ya Mama hilo kaburi.

Salum alinambia, "Achana nalo, Zeyana. Nyamaza, litapita." Na mimi ningenyamaza, wallahi ningenyamaza. Lakini nikinyamaza ndio nimekubali kwamba Bibi alitudanganya mpaka anaingia kaburini. Hasira zikanipanda. Nikaenda kwa kadhi.

Kadhi ni kijana, mstaarabu, alinipa kiti. Akauliza mashahidi. Walitakiwa wawili waliomjua Bibi huku na wakamjua Unguja, na hao, Dada, wote wameshakwenda kwa Mola wao. Nikatoa kile cheti cha kuzaliwa cha Mama. Akakisoma akasema, "Hiki kinasema mama yake ni Shawana. Hakisemi kuwa ni Shawana huyu." Kweli tupu. Kisha akanieleza kwamba mdai ndiye wa kuleta ushahidi, na akikosa, anayekana huapishwa. "Mzee Khalfan anakana. Je, unataka yamini yake?"

"Naam," nikasema. "Aape."

Kadhi aliweka kalamu chini. Mzee Khalfan alikuwa kakaa upande wa pili, hakunitazama. Kadhi akaniuliza tena, taratibu, kama mtu anayemuuliza mgeni kama ana hakika hii ndiyo njia yake. Nikasema tena naam, namtaka aape. Akapanga siku.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa, kosa la mtu wa Unguja. Sisi kwetu wallahi iko mdomoni kama mate. Tunaapa tukinunua samaki, tunaapa tukikataa chai, hata hapo juu nimekuandikia moja bila kujua. Sikujua huku mtu anaweza kuacha nyumba yake na shamba lake, na haki ni yake, kuliko kuweka mkono juu ya Msahafu mbele ya kadhi. Wanaamini ukiapa uongo unapofuka, au wanao wanakatika mmoja mmoja, na hata ukiapa kweli yamini inabaki nyumbani kwako kama ugonjwa. Kumtaka mzee aape ni kumvua nguo mbele ya mji. Mama Zahran alikuja mezani kwangu, hakununua kitu.

"Zeyana, umefanya nini?" Sauti yake ilikuwa chini kabisa. "Yule ni mzee wetu sote. Astaghfirullah. Sisi hapa yamini tunaiogopa kuliko kifo, na wewe umemwitia mtu aje ale kiapo kwa ajili ya mitende?"

"Si kwa ajili ya mitende," nikamwambia.

"Basi kwa ajili ya nini?"

Tokea siku hiyo wanawake wakipita mezani kwangu walikuwa wakizivuta shela zao. Nilianza kuogopa kwa upande ambao sikuwa nimeufikiria. Mzee akiapa na ni kweli, Bibi hana jina, na Mama hana, na mimi sina. Akiapa na ni uongo, nimempeleka motoni mzee aliyebakiza miaka ya kuhesabu, ndugu ya Mama, na damu yake iko shingoni mwangu. Nilishona kofia moja matundu yakaenda upande, nikaifumua, nikaishona, ikaenda upande tena.

Kisha Asila akapiga simu. Kiswahili chake unakijua, kimekatika mkia, lakini siku hiyo sikucheka.

"Mama, hii maneno imefika mpaka Nizwa. Baba yake anataka kuja Ibra kuuliza wazee."

"Wazee gani?"

"Sijui. Mkubwa wao. Ile mkubwa kabisa."

Mkubwa kabisa wa mtaa ule, Dada, ambaye mtu wa Nizwa akishuka garini ataelekezwa kwake, ni Mzee Khalfan. Mtu niliyemburura mahakamani ndiye atakayeulizwa kama mwanangu ni mtu. Nilikaa chini jikoni na simu mkononi, vitunguu vikaungua mpaka Salum akaja kuzima jiko.

Siku ya yamini tulikwenda asubuhi. Mzee Khalfan alikuja kanzu nyeupe imepigwa pasi, kilemba kimefungwa vizuri kama cha mtu anayekwenda kuozesha, ndevu bado mbichi kwa maji ya udhu. Ruqayya akamkalisha. Msahafu ukaletwa ukawekwa juu ya meza. Kadhi akamsomea maneno ya kusema, kwamba anaapa kwa Mwenyezi Mungu shangazi yake Shawana binti Seif alifia Ibra na akazikwa Ibra na hakuacha mtoto. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akautoa mkono kwenye mkono wa kanzu.

Nilikuwa naungoja utetemeke. Nilijiambia ukitetemeka nitajua anasema uongo, nami nitakaa kimya nimwachie Mungu. Dada, mkono ule haukutetemeka hata kidogo. Ulitoka ukanyooka ukawa unakwenda. Uliotetemeka ni wangu. Nikasimama sijui nani kanisimamisha.

"Nimemsamehe yamini," nikasema. "Asiape."

Mkono wake ukasita hewani. Kadhi akanitazama. Akanambia nifahamu vizuri, nikisamehe yamini na sina mashahidi dai limekufa, halifufuki leo wala kesho, kwangu wala kwa mama yangu. Nikasema nimefahamu. Salum aliniangalia, sikuweza kujua kama ananionea huruma au anashukuru. Kadhi akaandika, akaufunika Msahafu kwa kitambaa chake, na sote tukatoka.

Nje Salum alikwenda kuligeuza gari la maji, maana lilikuwa limezibwa na pikapu ya mtu. Nikabaki kwenye kivuli cha ukuta. Mzee Khalfan akatoka na Ruqayya, akamwambia kwa Kiarabu nenda kalete gari. Ruqayya akatutazama wawili sisi, akaenda. Tukabaki mimi na yeye, na hapana mtu wa tatu.

Akasema, "Kidawa hajambo?"

Kwa Kiswahili. Kiswahili cha kwetu, cha wazee, safi kama cha Bibi mwenyewe. Nilikwenda nyumbani kwake, nikakaa mahakamani pamoja naye, sikuwahi kumsikia hata neno moja la Kiswahili. Na jina la Mama mimi kule kwa kadhi nilitaja lile la kwenye cheti, Khadija. Kidawa wanamwita waliokua naye.

Akaendelea, "Na radi je? Bado akisikia radi huingia mvunguni?"

Unajua wewe, na najua mimi, na hajui mtu mwengine. Mtu mzima yule, mwenye wajukuu, likinguruma anatambaa chini ya kitanda na kanga kichwani, na sisi tumekula yamini zote za duniani kwamba hatutamwambia mtu.

"Bado, mjomba," nikasema.

"Mimi nilikuwa kijana. Baba alinipeleka Unguja nitibiwe macho, nkakaa kwa Shangazi masika yote. Likinguruma, Kidawa mvunguni. Shangazi hunambia, Khalfan, mpelekee mwenzio chai huko huko chini. Nami huingia na mimi." Alicheka kidogo, meno hana. "Uji wa mchele alikuwa akiupika vizuri Shangazi."

"Na lile kaburi?"

"Lile la shangazi mwengine, Moza. Yeye ndo aliyekufa na ndui. Mawe yetu hayana majina, mwanangu, unayaona."

"Basi kwa nini, mjomba?"

Kisha akasema bila kupandisha sauti, "Baba aliniusia ardhi isivuke bahari. Na ile mitende niliyorithi imekufa yote, hii iliyoko nimeipanda mimi. Kila mwaka nimepanda juu yake kuitia mbegu ya dume mpaka magoti yakanikataa. Wanangu wamo mle. Angekuja mtu wenu zamani ningempa. Hakuja mtu."

"Tungekuja vipi, mjomba? Kwa miaka ile ya Mapinduzi, njia zimefungwa?"

"Hakuja mtu," akasema tena, si kwa hasira. Kisha akageuza uso kunitafuta, maana macho yake hayaoni vizuri hata baada ya kutibiwa. "Watu wa Nizwa walikuja kwangu juzi, kuuliza khabari za binti yako. Nimewaambia msiulize tena kwengine, huyu damu yetu, oeni."

Juzi, Dada. Juzi amekaa barazani kwake akasema mwanangu ni damu yake, na leo katia udhu, kapiga pasi kanzu, kaja kuweka mkono juu ya Msahafu aseme Shawana hakuacha mtoto. Nikamuuliza lile ambalo sikutaka kuliuliza.

"Mjomba, ungeapa?"

Gari ya Ruqayya ilikuwa inakuja. Aliisikia kabla yangu. Akanyoosha ule mkono, ule ule, akanishika begani akajiegemeza kama mtu anayemtegemea mtoto wake, mpaka gari ikasimama.

"Nisalimie Kidawa," akasema. "Mwambie Khalfan anakusalimu." Akaingia garini.

Mlango wa kadhi ulikuwa bado wazi. Ningeweza kurudi mbio nikamwambia amekubali, amesema, anamjua Mama kwa jina la utotoni. Nani angeniamini, na shahidi wangu ni radi? Na kwa mdomo wangu mwenyewe nimeshasema nimesamehe. Zaidi ya hayo kuna Asila. Watu wa Nizwa wameleta jibu, wanakuja baada ya Idi na mahari, wamefurahi, mama yake kijana amenipigia simu ananiita dada. Jina tumelipata. Lakini limekaa kwenye ulimi wa mtu mmoja, mzee, na mimi nikilitaja tena shamba, hata kwa utani, hata kwa Mama Zahran mezani, ulimi huo unaweza kusema jengine. Hiyo ndiyo hofu niliyonayo sasa, na nadhani sitaachana nayo mpaka azikwe ama yeye ama mimi. Maji ya Bibi yanapita siku zake, watu wanasema leo zamu ya Shawana, na mimi nainamisha kichwa nakunja leso.

Haya, nisikuchoshe. Nisalimie shemeji yangu, mumeo, mwambie ile redio yake nimeshaipata, itakuja na mtu wa kuaminika. Nisalimie wifi yetu wa Kikwajuni, mke wa kaka, na watoto wake wote, yule mdogo mwenye ukorofi umbusu kwa ajili yangu. Msalimie maalimu wangu wa chuoni kama bado yuko hai, umwambie juzuu alizonifunza ndizo zinazonishika huku. Shoga yangu wa jirani, muuza vitumbua, msalimie mara mbili.

Kwa Mama sijui niandike nini. Mpe mkono, umwambie nipo, umwambie mjukuu wake anaolewa, alie kwa furaha yake. Ila nimetumwa salamu, na salamu ni amana, aliyebeba lazima aitue. Mimi nimeitua kwako, unisamehe. Ukimwambia Khalfan anakusalimu, atafurahi kama mtoto, atakuhadithia mvungu na chai. Kisha, Mama unamjua, atakuuliza, basi kama Khalfan ananikumbuka, shamba la mama yangu analo nani? Na mimi, Dada, jibu la kukupa sina.

Nduguyo anayekupenda na anayeogopa,

Zeyana